Kukata Dakti ya Duara kwa Mashine: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Hapa tunazungumzia dakti, yaani mabomba ya kupitishia hewa, za bati la zinki, zile za AC na za feni za jikoni na vyooni, zenye kipenyo cha kuanzia milimita 100 hadi 400 hivi. Ziko za aina mbili. Ya spairo inatengenezwa kwa utepe wa bati, mara nyingi wa upana wa milimita 137, unaozungushwa na kukunjwa mshono unaopanda kwa kuzunguka bomba zima. Ya pili ina mshono mmoja ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Inakuja ikiwa wazi, na fundi anabana ukingo mmoja ndani ya mwingine mpaka usikie "ta". Unene wa kawaida ni geji 26, yaani milimita 0.55 hivi, au geji 24, milimita 0.7.

Zote mbili ni nyembamba na zina uwazi ndani, na karibu kila tatizo lililoelezwa hapa linatokana na mambo hayo mawili. Bati jembamba linatetemeka. Bomba lenye uwazi linajikunja na kubana kinachokata.

Grenda ndiyo mashine iliyoko kila karakana, kwa hiyo ndiyo inayotumika hata pasipostahili. Mkasi wa umeme wa ubapa tatu, ule unaotoa utepe mwembamba katikati, unakata bila cheche na hauchomi zinki. Nibla, inayomega bati vipande vidogo vya umbo la hilali, inapinda vizuri kwenye matundu ya matawi. Jigso, msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, inafaa kwa matundu pia, ila inahitaji bledi sahihi. Kama una nafasi ya kuchagua, grenda iwe ya kukata mshono na ya mikato mifupi, si ya kazi nzima.

Jiwe linabanwa, grenda inaruka

Hili ndilo la hatari kuliko yote. Jiwe, yaani kisahani cha kukatia cha grenda, la kipenyo cha milimita 115 linalozunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 66 kwa sekunde. Likikwama, nguvu yote hiyo inarudi kwenye mikono yako. Angalia mambo haya kwa mpangilio.

Dakti imelazwaje? Ikikaa juu ya vihimili viwili ukakata katikati, inainama kwa uzito wake, midomo ya mkato wa juu inafumbana na jiwe linabanwa. Weka mstari wa mkato nje ya kihimili, sentimita 5 hadi 10 tu, kipande kinachotolewa kining'inie. Hapo mkato wa juu unafunguka wenyewe. Kipande kikizidi nusu mita, msaidizi akipokee kwa chini bila kukinyanyua, maana akikinyanyua anaufumba mkato. Vihimili viwe na umbo la V. Mbao mbili zilizopigiliwa zikielekeana zinatosha, na mkanda wa kufungia mizigo unaishika dakti isizunguke.

Jiwe limezama kiasi gani? Bati halifiki milimita 1. Jiwe likiingia milimita 3 hadi 5 limeshavuka. Kulizamisha zaidi hakuharakishi kazi, kunaongeza tu eneo la kubanwa.

Unaizungusha grenda kuifuata duara? Usifanye hivyo. Kifundo cha mkono kinapopinda, jiwe nalo linalala upande ndani ya mkato. Kata sehemu ya juu tu, kama robo ya mzunguko, zima, subiri jiwe lisimame, zungusha dakti, endelea. Dakti isizungushwe jiwe likiwa ndani.

Unasukuma kwenda wapi? Songesha grenda kuelekea upande zinakoruka cheche. Utahisi mashine inakusukuma kurudi nyuma kidogo, na hilo ndilo unalolitaka kwa sababu unaitawala. Ukienda kinyume, jiwe linajivuta mbele lenyewe, linapanda juu ya bati na kutoka. Bila shaka njia hii ina gharama yake: cheche zinatangulia mbele ya kazi, kwa hiyo mbele kuwe kutupu.

Kava la grenda libaki mahali pake, na mshikio wa pembeni ufungwe. Kosa tunaloliona sana ni kutoa kava ili jiwe kubwa la milimita 230 liingie kwenye grenda ndogo. Mawe ya kukatia yametengenezwa kuhimili mita 80 kwa sekunde. Lile la 230 kwenye mashine ya mizunguko 11,000 linafika zaidi ya mita 130, na litapasuka. Swali ni lini. Vivyo hivyo, usifunge kamwe kisahani cha msumeno wa mbao kwenye grenda.

Kwa kazi hii tumia jiwe la unene wa milimita 1.0. Soma pete ya chuma katikati yake: ina mwezi na mwaka wa kuisha muda. Gundi inayoshika chembe za jiwe inazeeka, na inazeeka haraka zaidi jiwe likihifadhiwa penye unyevu. Jiwe jipya liache lizunguke bure nusu dakika, likielekezwa mbali na watu. Simama pembeni ya mstari wa jiwe, usisimame nyuma yake. Miwani ya kazi ivaliwe chini ya ngao ya uso. Ngao peke yake inaacha mwanya kidevuni ambako chembe hupanda.

Bati linatetemeka, linapiga kelele, kisha linachanika

Ukisikia mlio wa grenda unabadilika kutoka kuunguruma kwenda kupiga yowe, bati linacheza. Chanzo cha kwanza ni kukata mbali na pale dakti iliposhikwa. Chanzo cha pili ni uwazi wenyewe wa bomba. Kata kisahani cha plaiwudi cha milimita 12, kipenyo chake kiwe kidogo kwa milimita 2 kuliko kile cha ndani ya dakti, ukisukume hadi sentimita 3 kabla ya mstari. Kwa dakti ya spairo ya 315 na kuendelea kisahani hiki kinaleta tofauti kubwa. Kwa ya 100 unaweza kukiacha.

Mchaniko wenyewe hutokea mwishoni, pale kipande kinapobaki kimeshikwa na sentimita chache. Kinajipinda kwa uzito wake na kuacha ulimi uliochanika. Dawa yake ni kuacha madaraja manne ya bati, kila moja kama milimita 10, yakiwa yamegawanyika sawasawa kuzunguka mstari na hata moja lisiangukie mshono. Ukishamaliza kuzunguka, weka mashine chini, yakate madaraja kwa mkasi wa bati wa mkono. Wenye mpini mwekundu unapinda kushoto, wa kijani kulia, wa njano unakwenda moja kwa moja.

Kelele pia si ya kupuuza. Grenda pekee iko karibu na desibeli 100, na dakti inaikuza. Vizibo vya masikio avae na msaidizi anayeshika upande wa pili, kwa sababu mdomo wa bomba unamwelekea yeye.

Mkato haukutani pale ulipoanzia

Kosa liko kwenye kuchora mstari, si kwenye kukata. Kwa dakti ya mshono ulionyooka, zungusha utepe wa karatasi ngumu au bati laini wenye upana wa milimita 60 au zaidi, ukingo wake ujilalie wenyewe bila kupishana. Mzunguko ni kipenyo mara 3.142: dakti ya 200 ina mzunguko wa milimita 628, kwa hiyo utepe wa 700 unatosha.

Kwa spairo njia hiyo inadanganya. Mshono umeinuka, utepe unaupanda na kuteleza kuufuata. Badala yake simamisha dakti kwenye sakafu iliyosawazishwa, baada ya kuhakikisha mdomo wa chini umenyooka. Weka kalamu ya alama juu ya matofali au vipande vya mbao vyenye kimo unachotaka, ishikilie isicheze, kisha zungusha dakti iiguse. Mstari unajifunga wenyewe. Bandika selotepu ya karatasi ukingo wake ukifuata mstari huo, maana wino peke yake unapotea kwenye cheche na mng'ao wa zinki.

Mtu anaweza kusema mkato kupishana milimita 4 si kitu. Fanya hesabu: mdomo wa dakti ya 200 uliopinda milimita 4 ukisukumwa mpaka ushikane na kiungio pande zote, bomba linakwenda pembeni milimita 60 kwa kila mita 3. Ndiyo maana dakti nyingi zilizoko wazi darini zinaonekana zimelewa.

Nibla au mkasi wa umeme unagoma kwenye mshono

Si kwamba ubapa umeisha. Mshono wa spairo una tabaka nne za bati. Kwa geji 26 hiyo ni milimita 2.2, na nibla nyingi za mkononi zina kikomo cha milimita 1.6 za chuma laini. Ukilazimisha unavunja ngumi ya nibla (kile chuma kinachomega bati) au unakunja ubapa wa kati wa mkasi.

Jambo zuri ni kwamba mstari ulionyooka kuzunguka dakti ya spairo unakutana na mshono mara moja tu. Anza kazi hapo. Kata mshono kwa grenda, mkato wa milimita 30 hivi, kisha ingiza mkasi wa umeme kwenye mwanya huo na uzunguke hadi upande wa pili wa mshono. Kumbuka mkasi wa ubapa tatu unatoa utepe wa milimita 5 au 6. Utepe huo uangukie upande wa kipande cha kutupa, la sivyo dakti yako itakuwa fupi kwa kiasi hicho. Utepe unaotoka unajiviringa na una makali pande zote mbili. Usimame kila baada ya mzunguko wa nusu uukate, usiuache ukusogelee mkononi.

Kwa dakti ya mshono ulionyooka usijipe tabu hata kidogo: ikate kabla hujaifunga. Ikiwa wazi, kingo mbili za mshono zinakatwa kwa mkasi wa mkono, na katikati kwa mashine. Ukiikata ikiwa imefungwa, ulimi wa mshono unajikunja ndani ya mfuko wake na haufungi tena. Na kata upande usio na mikunjo midogo ya mdomo; ule wenye mikunjo ndio unaoingia kwenye bomba linalofuata.

Bledi ya jigso inaruka na kung'oka meno

Bledi ina meno makubwa mno. Chukua ya meno 24 kwa inchi au zaidi, zima mwendo wa bembea (unaoirusha bledi mbele na nyuma), punguza kasi hadi nusu, na kandamiza kisahani cha jigso muda wote. Kisahani ni bapa na dakti ni duara, kwa hiyo kinagusa mstari mmoja tu. Kikielea hata kidogo, bledi inalinyanyua bati badala ya kulikata. Selotepu mbili juu ya mstari zinasaidia kidogo. Msumeno mrefu wa kwenda na kurudi uachie kazi ya kubomoa dakti za zamani.

Mshono unafunguka baada ya kukata

Kwa spairo, hii inatokana na joto na mtetemo pale jiwe lilipokaa sana juu ya mshono. Weka kipande cha chuma kizito ndani, gonga mshono kwa nyundo ndogo taratibu kwa urefu wa sentimita 3 kutoka ukingoni mpaka ulale. Wakati wa kufunga, skrubu moja ya kiungio iangukie karibu na mshono, halafu pakaa mastiki, ile gundi ya kuziba mianya. Usitie ribiti mdomoni kabla, kwa sababu kichwa chake cha ndani kitazuia kiungio.

Ukingo umebadilika rangi, halafu unaota kutu

Zinki inayeyuka kwa nyuzi 420. Ukikandamiza grenda ili ikate haraka, au ukitumia jiwe nene la kusagia, joto linapita hapo na kuchoma zinki ya pembeni. Ukanda wa bluu au mweusi wa milimita 1 hauna neno: zinki iliyobaki jirani inaukinga ukingo kwa kuliwa yenyewe kwanza. Ukanda wa milimita 4 au 5 ni habari nyingine, na kwa majengo ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, ambako hewa ina chumvi, kutu haichelewi.

Acha uzito wa mashine ufanye kazi. Jiwe likipungua hadi kipenyo cha milimita 80 hivi libadilishe, kwa maana kasi ya ukingo imeshuka na utaanza kukandamiza bila kujua. Palipoungua pasugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, futa vumbi, paka rangi ya zinki mara mbili. Rangi ya fedha ya kawaida inafanana nayo kwa macho tu. Futa pia cheche zilizoganda juu ya dakti. Kila moja ni punje ya chuma kitupu itakayotoa doa la kutu.

Homa na baridi usiku baada ya kazi

Mafusho ya zinki iliyoungua yakivutwa kwa wingi huleta homa, kutetemeka, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni, saa 4 hadi 12 baada ya kazi. Watu wengi huidhani malaria. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali na utaje kwamba ulikuwa unakata mabati ya zinki.

Maziwa hayazuii. Tunajua desturi ya karakana ya kunywa maziwa kama kinga, na maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni na mafusho yanakwenda kwenye mapafu. Kinachozuia ni kukata nje au penye upepo unaokupita kutoka pembeni, na barakoa ya kuchuja chembe ya daraja la FFP2 au zaidi iliyobana usoni. Ukiona moshi mweupe unafuka kwenye mkato, unakandamiza mno.

Dakti haiingii kwenye kiungio

Pima kipenyo mara mbili, kwa njia ya msalaba. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 3, dakti imekuwa yai, na chanzo chake ni jiriwa au mkanda uliokazwa kupita kiasi. Irudishe kwa kubonyeza mahali palipotokeza, kwa viganja, ukiwa na kisahani cha plaiwudi ndani. Vipimo vikiwa sawa na bado haiingii, pitisha tupa: vinyele vya chuma vilivyoinama kwa ndani vinatosha kuizuia. Tupa ya nusu duara kwa ndani, bapa kwa nje, ukisukuma kutoka ukingoni kwenda mbali nawe.

Moshi au harufu ya mafuta kutoka ndani ya dakti

Simama. Usijaribu kumalizia.

Dakti ya jiko la chipsi au la hoteli ina utando wa mafuta ndani, hata kama kwa nje inang'aa. Cheche moja inawasha utando huo mahali usipopaona, na bomba linauvuta moto juu hadi darini. Dakti ya kufyonza vumbi kwenye karakana ya mbao au kinu cha unga ni hatari kwa namna yake: vumbi likitikiswa na kukutana na cheche linaweza kulipuka. Kwa hizi grenda haitumiki kabisa. Safisha kwanza, kisha nibla au mkasi wa umeme, na mshono ukatwe kwa msumeno wa chuma wa mkono. Dakti iliyofungwa sufi au sponji, vua kifuniko hicho sentimita 30 kila upande wa mstari. Kwenye jengo la zamani, ukikuta kamba au utepe wa kijivu wa nyuzinyuzi kwenye viungio, chukulia kuwa ni asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, na usiuguse mpaka upimwe.

Ukikata dakti iliyokwisha kufungwa, zima feni kwenye swichi yake kuu na uifunge kwa kufuli, maana feni inayowaka ghafla itavuta cheche ndani. Kagua kwa macho juu na nyuma ya dakti. Waya za taa hulazwa huko mara nyingi. Funga kipande kinachotolewa kwa waya au kamba sehemu mbili kabla hujagusa mashine. Jukwaa litumike, si ngazi, kwa sababu grenda inataka mikono miwili. Ondoa vinavyowaka umbali wa mita 11, weka kizimamoto karibu, na mtu abaki akiangalia kwa saa 1 baada ya mkato wa mwisho.

Mashine inalegea au kikata umeme kinajizima

Kulegea kunatokana na waya wa nyongeza mwembamba au uliobaki umeviringwa kwenye gurudumu lake. Ukunjue wote, na uwe wa shaba wa milimita 1.5 za mraba au zaidi. Kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme unapovuja, kikijizima, usikiruke. Angalia kama waya umelala juu ya ukingo uliokatwa sasa hivi, ambao unachubua ganda lake kwa mguso mmoja. Kama waya ni mzima, huenda vumbi la chuma limeingia kwenye matundu ya mota: chomoa, lipulize kwa hewa kavu, na likiendelea mpelekee fundi umeme.

Mikono inakatika mashine ikiwa imezimwa

Ukingo mpya wa bati unakata ngozi bila maumivu ya mwanzo, na kipande kinachoanguka watu hukidaka kwa silika. Kiache kianguke. Shika dakti kwa glavu za kuzuia mikato, zinazobana vidole. Zile pana za kuchomelea hazishiki vizuri na zinaweza kunaswa. Unapotoboa kwa drili, zivue kabisa. Pitisha tupa kila mdomo mara tu baada ya kuukata, hata wa kipande cha kutupa, kabla hakijawekwa kwenye rundo atakalolibeba mwingine. Vipande vya nibla vinachoma soli za kandambili na kung'ang'ania kwenye nguo. Vifagie kwa brashi au sumaku iliyofungwa mfuko wa plastiki, kisha vua mfuko juu ya ndoo.